Mchungaji Alihubiri Habari za Naamani, na Watu Wakanigeukia Mimi

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa mkoa wa Iringa, na kwa zaidi ya miaka 25 nimekuwa mwalimu wa Kwaya Kuu ya usharika wetu. Kwaya hiyo niliianzisha mwaka 1994, wakati hatukuwa na kinanda wala sare, tukijifunza nyimbo kwa solfa niliyoiandika kwa chaki kwenye ubao ulioazimwa shuleni. Nyimbo zote tulizoimba tangu hapo nimeziandika kwa mkono katika madaftari ambayo mpaka leo ndiyo hazina ya kwaya, na wengi wa waimbaji wa sasa niliwafundisha do, re, mi wakiwa bado watoto wa shule ya Jumapili.

Mwanzoni mwa mwaka huu baraza la wazee liliamua kwamba mwalimu wa kwaya awe binti mmoja aliyerudi kutoka chuo alikosomea muziki. Binti huyo ni mwanafunzi wangu mwenyewe. Mimi sikuitwa kwenye kikao, wala mchungaji hakufika nyumbani kwangu. Alimtuma katibu wa baraza, kijana mdogo, ambaye alinikuta shambani nikipalilia, akaninyoshea bahasha huku pikipiki yake ikiunguruma, akaniaga na kuondoka. Barua yenyewe ilinishukuru kwa mistari miwili, kisha ikanitaka nikabidhi ufunguo wa kabati la vitabu na niendelee kuimba sauti ya tatu chini ya mwalimu mpya.

Nilijikaza nikaenda kwenye mazoezi. Katikati ya wimbo, binti alinyoosha mkono akatusimamisha, akasema, kwa adabu, hilo sikatai: "Mwalimu, hapo sauti ya tatu inashuka kidogo, naomba tuirudie." Wimbo huo ni mimi niliyeuleta katika usharika huu kabla yeye hajazaliwa. Nilifunga daftari langu nikatoka, na karibu nusu ya waimbaji wakanifuata. Tangu siku hiyo wamekuwa wakija nyumbani kwangu kila Alhamisi jioni. Wapo wanaotaka tuanzishe kwaya nyingine, na wapo wanaosema tuhamie kanisa jingine kabisa. Mimi sijawakubalia, wala sijawakataza. Ufunguo wa kabati bado ninao.

Mke wangu aliniuliza usiku mmoja kama ninachotaka ni kumwimbia Mungu au ni kuimbiwa mimi. Neno hilo lilinichoma, na tangu hapo tunazungumza yale ya lazima tu. Kisha hivi karibuni mchungaji akahubiri kutoka 2 Wafalme sura ya 5, akasema makanisa yetu yamejaa akina Naamani wanaokasirika kwa sababu hawakupokewa mlangoni. Watu kadhaa waligeuka wakanitazama.

Mshauri, Naamani alikuwa mpagani na adui wa Israeli. Mimi nimemtumikia Mungu tangu ujana wangu. Tena ninavyoijua mimi, habari ile ni ya uponyaji, na hata darasani kwa wanafunzi wa kipaimara tumekuwa tukiitumia kuelezea ubatizo. Je, ni haki kuifanya fimbo ya kumchapia mzee? Mtu akidai heshima aliyoitolea jasho, hicho nacho ni kiburi? Na je, unyenyekevu maana yake ni kukubali kudharauliwa? Naomba unijibu kwa kweli, wala usinibembeleze.

Mwalimu wa zamani, Iringa

*

Mwalimu, shikamoo.

Amina, jina lake lisifiwe. Umeomba nisikubembeleze, nami nitakutii, lakini ukweli ninaotaka kuanza nao ni ule unaokutetea, kwa sababu bila huo hayo mengine hayatakuwa ya haki. Mtu aliyelea kwaya kwa zaidi ya robo karne hapelekewi bahasha shambani. Baraza la wazee lina mamlaka ya kumteua mwalimu wa kwaya, na huenda sababu zake ni nzuri, lakini kabla ya barua kuandikwa mchungaji alipaswa kuja kwako, akae, anywe chai, akueleze uso kwa uso kilichokusudiwa na kwa nini, kisha usharika mzima ukuage na kukushukuru kwa ibada. Umeumia, na una sababu ya kuumia. Kuhusu mahubiri, siwezi kusema mchungaji alikuwa na nini moyoni. Kama alikuwa na wewe mawazoni, basi alilifahamu pia neno la Bwana Yesu katika Mathayo 18:15, kwamba ndugu yako akikukosa uende ukamwonye wewe na yeye peke yenu, na mimbari yenye wasikilizaji mia kadhaa haiwezi kuhesabiwa kuwa ni peke yenu.

Sasa naomba tuisome sura yenyewe pole pole, maana naona imesomwa kwa haraka na aliyehubiri na aliyehubiriwa pia.

Sura inaanza kwa kumpa Naamani heshima zake zote. Alikuwa jemadari wa jeshi la mfalme wa Shamu, mtu mkubwa mbele ya bwana wake, hodari wa vita, na mwandishi anaongeza jambo ambalo msomaji wa Kiisraeli lazima lilimshtua, kwamba ni BWANA mwenyewe aliyewapa Washami ushindi kwa mkono wa mtu huyu. Hakuna sifa aliyonyang'anywa ili baadaye aonekane mbaya. Ukoma wake unatajwa mwishoni mwa orodha ile, nao haukuzifuta sifa zilizotangulia. Nalisema hili kwa sababu nahisi unaogopa kwamba ukikubali kuwa umekosea mahali, basi kazi yote uliyoifanya tangu mwaka 1994 itahesabika kuwa bure. Biblia haimtendei hivyo Naamani, nami sikutendei hivyo wewe. Madaftari uliyoyaandika ni kazi njema, na Mungu ameitumia.

Tena Naamani hakuwa mtu wa kiburi kitupu. Habari za nabii aliyeko Samaria zilimfikia kupitia kwa kijakazi mdogo, mtoto aliyetekwa Israeli akawa anamtumikia mke wa jemadari. Mtoto yule hatajwi hata jina. Alimwambia bibi yake, neno likafika kwa bwana, na bwana akalichukua hadi kwa mfalme. Jemadari wa taifa lililoshinda alisikia ushauri wa mtoto mateka, akaufuata. Wahubiri wengi huliruka jambo hili wakakimbilia hasira yake ya mlangoni, lakini mimi naona lina uzito, kwa sababu linatuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mnyenyekevu mahali pamoja na mwenye kiburi mahali pengine, ndani ya safari ile ile moja. Huenda darasani uliwahi kumsikiliza mtoto wa darasa la tatu kwa uvumilivu mkubwa, na bado ukashindwa kumsikiliza binti wa chuo mbele ya kwaya yako.

Hebu tazama alivyofungasha. Alichukua talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, akabeba na barua kutoka kwa mfalme wake kwenda kwa mfalme wa Israeli. Mtoto alisema nabii, wakubwa wakasikia mfalme. Kwao ilikuwa lazima jambo kubwa lipitie kwa mkubwa, kwa hiyo barua ikaenda ikulu, na mfalme wa Israeli alipoisoma akararua mavazi yake akidhani anatafutiwa ugomvi. Ndipo Elisha, yule nabii wa Samaria, akatuma neno kwamba mgonjwa aletwe kwake. Naamani akafika na farasi zake na magari yake, akasimama mlangoni kwa nabii, na nabii hakutoka. Alimtuma mjumbe amwambie aende akaoge mara 7 katika Yordani.

Hapo, Mwalimu, ndipo ulipo wewe na bahasha yako, na ndiyo maana watu waligeuka. Kuna tofauti moja ambayo sitaificha: Elisha alikuwa akimpa Naamani uzima, na katibu wa baraza alikuwa akikuondolea cheo. Siwezi kusema barua ile ilikuwa neno la nabii. Lakini hasira iliyofuata inafanana na yako kiasi kwamba inafaa uitazame kwa makini.

Naamani alisema, "Nalidhania, Bila shaka atatoka kwangu." Alikuwa ameshaipanga ibada nzima kichwani mwake: nabii angetoka, angesimama, angeliitia jina la Mungu wake, angepitisha mkono mahali penye ugonjwa. Kila kitendo kilikuwa na nafasi yake na kila mtu alikuwa na mahali pake pa kusimama, na yeye mwenyewe alikuwa katikati. Alilolikataa si uponyaji. Alikataa kuponywa kwa utaratibu ambao haukumtambua. Nawe nakuuliza: kama mchungaji angekuja nyumbani, kama kungekuwa na ibada ya kukuaga, na zawadi, na picha ya pamoja, je, ungeweza kusimama sauti ya tatu na kusahihishwa na binti yule? Ukijibu ndiyo, basi donda lako ni la namna ulivyotendewa, nalo lina dawa yake, nitaitaja. Ukijibu hapana, basi bahasha ni kisingizio, na tatizo lingekuwepo hata kama wangekuandalia karamu. Jibu hilo huna haja ya kuniandikia. Mjibu Mungu.

Kisha Naamani akasema maneno ambayo nayaona kuwa ndiyo kiini cha sura: kwamba Abana na Farpari, mito ya Dameski, ni bora kuliko maji yote ya Israeli. Watu humcheka kwa maneno hayo, lakini alikuwa anasema kweli. Mto Abana unahesabiwa na wataalamu wengi kuwa ndio unaoitwa Barada leo, unaotiririka kutoka milimani na kuinywesha Dameski na bustani zake. Yordani hubeba tope, na katika sehemu zake za chini mtu hauendei kwa ajili ya uzuri wa maji. Kwa hiyo kiburi cha Naamani hakikusimama juu ya uongo. Kilisimama juu ya jambo la kweli kabisa, na ndiyo sababu kilikuwa kigumu kukitambua, hasa kwa mwenye nacho. Alikuwa sahihi kuhusu mito, na angerudi Dameski akiwa sahihi, na ukoma wake ukiwa palepale.

Barua yako, Mwalimu, imejaa mambo ya kweli. Ni kweli kwaya uliianzisha wewe. Ni kweli wimbo ule uliuleta wewe kabla binti hajazaliwa. Ni kweli yeye ni mwanafunzi wako. Lakini yeye hakusema lolote kuhusu nani aliuleta wimbo. Alisema sauti ya tatu inashuka. Ilishuka au haikushuka? Hilo ndilo swali lililoulizwa pale mazoezini, na katika barua yako yote ndefu hukulijibu. Ulijibu swali jingine, la historia, ambalo hakuna aliyekuuliza. Wewe umefundisha kuimba miaka mingi kuliko wengi wetu, na unajua kwamba sauti ikishuka wimbo mzima hushuka nayo, bila kujali anayeimba ni mgeni au mwanzilishi. Ungemwambia hivyo mwimbaji yeyote.

Waliomwokoa Naamani asirudi na haki zake mkononi ni watumishi wake. Walimkaribia wakamwambia, "Baba yangu, kama yule nabii angalikuambia kutenda jambo kubwa, usingalilitenda?" Hebu fikiri ni ujasiri wa namna gani kumsogelea jemadari mwenye hasira, njiani, ukiwa chini yake, na kumwambia kwamba anakosea. Na waliongea kwa upendo: walimwita baba, hawakumsuta, hawakutaja mito. Walimuuliza swali moja ambalo yeye mwenyewe alijua jibu lake, maana aliyekuja na dhahabu ile yote alikuwa tayari kwa jambo kubwa lolote. Kikwazo kilikuwa ni udogo wa alichoambiwa.

Nyumbani kwako yupo mtu aliyefanya kazi ya watumishi wale. Mke wako alikuuliza swali moja, usiku, mkiwa wawili, mahali ambapo hakuna mwanakwaya wala mzee wa kanisa aliyekusikia ukiulizwa. Alikusitiri kuliko mchungaji alivyokusitiri. Ukali wa swali lake siukatai, lakini mke ambaye angekuwa hakujali angekuacha uendelee na Alhamisi zako. Ningependa yeye awe mtu wa kwanza unayezungumza naye vizuri, kabla ya mchungaji na kabla ya binti. Mwambie kwamba swali lake limekuuma, na umjibu.

Naamani akashuka Yordani. Mji wa Samaria uko juu ya kilima, na bonde la Yordani liko chini ya usawa wa bahari, hivyo ile haikuwa safari ya dakika chache ambayo mtu angeweza kuifanya kwa msukumo wa mara moja. Alikuwa na njia ndefu ya kubadili nia, na akafika akajichovya mara 7 mbele ya msafara wake mzima, watu waliozoea kumwona juu ya gari la vita akiwa amevaa kamili. Maandiko hayasemi kwamba ngozi ilianza kubadilika mara ya tatu au ya tano. Kwa jinsi tunavyosoma, alitii mara zote hizo akiwa haoni chochote isipokuwa maji, na nyama yake ikarudi ikawa kama nyama ya mtoto mchanga baada ya kumaliza alichoambiwa.

Watu wengi huishia hapo. Mimi naona sehemu inayokuhusu zaidi inaanzia hapo. Alipotakasika, alirudi kwa Elisha pamoja na msafara wake, ingawa kutoka Yordani njia ya kwenda kwao Dameski inaelekea upande mwingine kabisa. Akasimama mbele ya nabii, na sasa nabii akaonana naye. Mkutano ule wa ana kwa ana aliokuwa ameulilia mlangoni aliupata, ila aliupata baada ya kutii, na alipoupata alijiita mtumishi. Akatoa zawadi, Elisha akaikataa. Hilo nalo lilikuwa somo kwa mtu aliyezoea kulipa: ilimbidi aondoke akiwa amepewa bure, hana namna ya kusema kwamba uponyaji ule aliununua. Nawe, Mwalimu, unaandika juu ya heshima uliyoitolea jasho, kana kwamba miaka ile ilikuwa malipo ya awali na sasa unaudai usharika kiti. Sidhani kwamba uliimba kwa sababu hiyo. Ile siku ya ubao wa kuazima hukuwa na hesabu yoyote ya cheo, ulikuwa na furaha ya kumwimbia Mungu. Hesabu iliingia baadaye, polepole, kama inavyotuingia wengi tunaotumika muda mrefu mahali pamoja.

Baada ya hapo Elisha akamwambia aende kwa amani, na Naamani akaenda. Akiwa njiani, Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimfuata mbio kwa tamaa ya ile fedha. Na mwandishi anatuambia kwamba Naamani alipoona mtu anakuja mbio nyuma yake, alishuka garini ili amlaki. Naomba usome tena mstari huo, ni wa 21. Mtu aliyekasirika kwa sababu nabii mkuu hakutoka nje kumpokea, sasa anateremka kwenye gari lake kumpokea mtumishi wa nabii, tena barabarani, bila kulazimishwa na itifaki yoyote. Anauliza kama ni amani. Anaombwa talanta moja ya fedha, anasihi zichukuliwe mbili, na anawatwika watumishi wake wawili mzigo huo. Mimi nikitaka kujua kama Naamani aliponywa kiburi chake, siendi Yordani. Naenda kwenye mstari huo. Hakuna anayemtazama isipokuwa watu wake, hakuna tena anachotafuta kwa Elisha, na bado anashuka.

Gehazi mwenyewe anatufundisha kwamba kuwa chini hakumfanyi mtu kuwa mnyenyekevu. Alikuwa mtumishi, aliishi nyumbani kwa nabii, aliona miujiza kwa karibu, na akauza uaminifu wake kwa fedha na mavazi, akarudi na ukoma aliouacha jemadari. Nalitaja hili ili usidhani namfanya binti yule, au katibu mwenye pikipiki, au baraza, kuwa watu wema kwa sababu tu wewe ndiye uliyekuwa mkubwa na wao ndio wadogo. Kijana anaweza kuwa na kiburi cha cheti chake, kama mzee anavyoweza kuwa na kiburi cha miaka yake. Kwa ushahidi ulionipa mwenyewe, hata hivyo, binti huyu alikuita Mwalimu, akasema naomba, na akasema turudie, akijihesabu pamoja nanyi. Adabu hiyo hakujifunza chuoni. Nadhani alijifunza kwako.

Umesema Naamani alikuwa mpagani na wewe ni mtumishi wa Mungu. Hoja hiyo iliwahi kujibiwa. Katika Luka 4:27 Bwana Yesu, akiwa katika sinagogi la Nazareti, kijiji alicholelewa, aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba palikuwa na wenye ukoma wengi Israeli siku za Elisha, na hakuna aliyetakaswa ila Naamani, mtu wa Shamu. Wale waliomsikia walikuwa watu wa nyumba ya ibada, wenye viti vyao na majina yao pale, na walijaa ghadhabu, wakamtoa nje ya mji wakampeleka ukingoni mwa kilima ili wamtupe chini. Kwa hiyo habari ya Naamani, katika kinywa cha Yesu mwenyewe, iliwalenga watu wa ndani: watu kama wewe, kama mchungaji wako, na kama mimi ninayeandika safu hii. Kuitumia kwa ubatizo na uponyaji si kosa. Lakini huwezi kusema haituhusu sisi tuliozaliwa na kukulia kanisani, maana ni kwetu sisi Bwana aliielekeza.

Umeuliza kama unyenyekevu ni kukubali kudharauliwa. Hapana. Elisha hakumwambia Naamani avue ujemadari. Naamani alirudi kwenye kazi yake, akaendelea kuwa yule ambaye mfalme huegemea mkono wake, na hata lile jambo gumu la kumsindikiza mfalme katika nyumba ya Rimoni, mungu wa Washami, alilisema wazi kwa nabii, hakulificha wala hakujidai. Mnyenyekevu anaruhusiwa kusema amekosewa. Kwa hiyo nenda kwa mchungaji, wewe na yeye peke yenu, bila wanakwaya nyuma yako, umwambie waziwazi kwamba bahasha ile ilikuumiza na mahubiri yale yalikuaibisha. Useme kama mzee anayemsemesha mchungaji wake, usitishie kuhama, usitaje ni waimbaji wangapi wako upande wako. Ukiwataja hao, utakuwa umemwendea na jeshi, na malalamiko yako ya haki yatageuka kuwa mapambano ya nani ana watu.

Lakini kabla hujaenda kwake, ufunguo wa kabati uurudishe. Umpe binti mkononi wewe mwenyewe, pamoja na madaftari, na ikiwezekana ukae naye mchana mmoja umwonyeshe wimbo upi umeandikwa katika daftari lipi, maana mwandiko wako unaujua wewe, na huenda kuna mahali umesahihisha solfa bila kueleza sababu. Kuushikilia ufunguo ni kuwanyima vitabu waimbaji ambao hawakukukosea lolote. Jambo hili ni dogo mno, nalo ndilo litakalokuwa gumu kuliko yote niliyokuandikia, na nadhani unajua kwa nini.

Kuhusu waimbaji wa Alhamisi, hapo nina wasiwasi zaidi kuliko mahali pengine popote katika barua yako. Umesema hujawakubalia wala hujawakataza. Kwa mtu mwenye heshima kama yako, kutokukataza ni kuruhusu. Wanakuja kwako kwa sababu wanakupenda, na wapo miongoni mwao vijana ambao wakihama kanisa leo kwa ajili yako, kesho watahama tena kwa ajili ya mtu mwingine, na baada ya hapo pengine hawatakuwa na kanisa lolote. Alhamisi ijayo wakija, wapokee, wape chai, kisha uwaambie kwa kinywa chako kwamba unarudi kwenye mazoezi na unawataka warudi pamoja nawe. Usiwaambie kila mtu aamue mwenyewe, maana wataelewa kwamba unataka wabaki. Na usiwaeleze tena habari ya bahasha. Wameshaisikia.

Ukirudi mazoezini, utasahihishwa tena. Huenda mbele ya watu, huenda mahali ambapo kwa maoni yako yeye ndiye aliyekosea, na kwa ujuzi wako huenda ukawa sahihi. Ikitokea hivyo, imba kama alivyoelekeza, kisha mweleze baada ya zoezi, mkiwa wawili. Naye akija kukuomba ushauri, mpe wote, usimbanie lolote kwa kusudi la kumwonyesha kwamba bila wewe haiwezekani.

Inawezekana mchungaji atakusikiliza, atakiri, na baraza litaandaa ibada uliyostahili tangu mwanzo. Inawezekana pia hatakiri. Akikataa, una haki ya kurudi kwake na mzee mmoja au wawili kama Mathayo 18:16 inavyoelekeza, na hata baadaye kulifikisha kwa mkuu wa jimbo kwa utaratibu wa kanisa lenu, wala hakuna atakayekuhesabia kuwa ni majivuno. Ila usingoje majibu yao ndipo uanze kuimba. Shauri lako liende huko linakokwenda, kwa muda wake, na wewe uwe umesimama katika sauti ya tatu.